Tairi za Baridi na Mafuta ya Nazi

Asya hakuniuliza hali. Alipiga simu kutoka uwanja wa ndege wa Maskati, kwa sauti ileile ya mtu anayesema huku anatafuna, na baada ya salamu aleikum neno lake la kwanza lilikuwa kama ile baiskeli bado ninayo. Alikuwa ameishi Uingereza miaka ishirini na nane, ameolewa huko, amezaa huko, na mimi nilikuwa nimejiandaa kulia. Leso nilishaishika mkononi. Badala yake nikajikuta nimeibana simu kwa sikio na bega, naelekea stoo, naondoa maboksi na feni mbovu, mpaka nikaiona imeegemea ukuta, nyeusi, ina vumbi la miaka, tairi zimelala chini. Nikamwambia ipo, ila tairi zimekufa. Akasema basi kesho twende Wadi Kabir tukachague tairi za baridi. Hapo tukaanza kucheka, wanawake wawili wazima wenye magoti mabovu, kila mmoja upande wake wa simu, mpaka mkwe wangu akaja kuchungulia nimepatwa na nini.

Wasomaji wa Njombe na Limuru wanisamehe. Baridi yetu ya Maskati mtu wa kwao angeipokea kwa shati jepesi na kushukuru. Lakini shangazi yangu Zuwena, aliyekulia Unguja na kuja Oman mtu mzima, aliichukulia baridi hii kama adui wa nyumba. Ukifika mwezi wa kumi na mbili madirisha yalifungwa, soksi zikatoka sandukuni, na kila aliyeingia mlangoni alipewa chai ya tangawizi kali mpaka masikio yakawaka. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule, nimepata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja Ruwi, na nikapelekwa kukaa kwake Wadi Kabir kwa kuwa ni karibu na kazi. Ya ukoo wetu nayaacha. Yana wasimulizi wengi, na wote wanabishana.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na sebule juu ya gereji. Chini waligonga mabodi ya magari tangu asubuhi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi ikakutana jikoni na harufu ya nazi, maana shangazi alikuwa akipika mafuta yake mwenyewe: anakuna, anakamua tui, analichemsha mpaka maji yaishe na mafuta yabaki. Mafuta hayo kwake yalikuwa dawa ya kila kitu. Alipaka nywele, alipaka visigino, alipaka bawaba za mlango na kisu cha mbuzi ya kukunia. Sikumbuki ugonjwa hata mmoja ambao hakuujaribia mafuta ya nazi kabla ya kumuita daktari. Nikifumba macho leo, mwaka ule wote unanukia hivyo, rangi ya gari na nazi, na katikati ya sebule imesimama baiskeli.

Baiskeli aliniachia binamu yangu alipokwenda jeshini. Nilianza kuipanda kwenda dukani kununua mkate, nikaendelea mpaka kwenye mzunguko, halafu nikakutana na Asya, jirani wa mtaa wa nyuma, aliyekuwa akiiba baiskeli ya kaka yake kila kaka akilala mchana. Wasichana wawili wenye mabuibui yaliyofungwa mafundo kwenye magoti, katika mtaa wa mafundi magari. Ukitaka kujua watu walisema nini, usiniulize mimi, waulize wageni wa shangazi. Walikuja kila Alkhamisi jioni, na mimi nikiwa jikoni napanga bajia kwenye sinia niliyasikia yote. Mmoja alisema msichana akipanda baiskeli barabarani keshajitangaza. Mwingine alisema wadi ikishuka, yale maji ya mvua yanayoporomoka ghafla kutoka mlimani, itamzoa. Wa tatu, huyo alikuwa na sauti nyembamba, alisema kwamba siku moja nitaharibikiwa njiani na kurudishwa ndani ya gari la mtu nisiyemjua, na hapo aibu haitakuwa yangu peke yangu. Nilisikia kikombe cha shangazi kikiwekwa juu ya kisahani taratibu sana.

Walipoondoka akaja jikoni, akavuta kibao, akakaa. Nilimwambia mapema, kabla hajaanza, kwamba mimi na Asya tunataka kwenda Qantab Ijumaa ijayo, na sijui ujasiri ule niliupata wapi. Qantab ni kijiji cha pwani nyuma ya milima, na kufika huko lazima uvuke mlima, uteremke, uvuke tena. Shangazi akasema, "Utakwenda kwa magurudumu yako na utarudi kwa magurudumu yako, kabla ya adhana ya Ijumaa. Ukirejeshwa na gari ya mtu, au adhana ikitoka hujafika, hii baskeli naipeleka Quriyat kwa binamu zako na maneno yeshakwisha. Lakini ukifika, sitaki kumsikia mtu humu ndani akisema tena." Akachukua bajia moja, akaondoka nayo. Usiku ule nililala vibaya kwa furaha na hofu, maana baiskeli ile ndiyo iliyokuwa kitu changu pekee katika mji huu. Kitanda, meza, hata saa ya mkononi, vyote vilikuwa vya watu.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa Ammi Saleh. Huyu alikuwa fundi baiskeli tangu Ng'ambo, Unguja, na pale Wadi Kabir alijibana katikati ya gereji mbili, kwenye kibanda ambacho ukifungua mkono unagusa kuta zote mbili. Tairi zilining'inia darini. Mimi nilizitaka nyembamba, laini, kwa kuwa Asya alisema ndizo za mbio, na nilipenda zinavyong'aa. Ammi Saleh hakubishana nami. Alinipeleka nje, akanionyesha barabara mahali ambapo wadi ilipita wiki iliyotangulia, mchanga na changarawe vimetandazwa juu ya lami kama mtu aliyemwaga mchele, akaniambia nitembee hapo haraka kwa kandambili. Niliteleza hatua ya pili. Tukarudi ndani, na hatukuzungumza tena habari za tairi nyembamba.

Kile alichonifanyia siku ile nimekihifadhi kichwani kuliko vitu vingi nilivyofundishwa darasani. Nyuma aliweka tairi pana yenye kashata nene, yale manundu ya mpira yanayouma changarawe, kwa sababu nyuma ndiko uzito wako uliko unapopanda mlima. Mbele aliweka pana vilevile lakini yenye mistari tu, iwe rahisi kuielekeza. Ili tairi ile ya nyuma ipite ilibidi aondoe madigadi, na akanionya kwamba nikipita kwenye maji nitarudi na mgongo wa matope. Kisha akachukua tyubu kuukuu, akaichana kwa urefu, akaitandika ndani ya tairi chini ya tyubu mpya, iwe ngao ya miba, maana baada ya mvua maji yanaburuta matawi ya msamri kutoka mlimani na miba yake haijali tairi ya mtu. Nilidhani amemaliza. Nikashika pampu nikaanza kujaza, na nilijaza kwa bidii mpaka tairi ikawa inalia ikigongwa. Akaja akafungua valvu akautoa upepo karibu robo.

"Kwetu Unguja tulipenda tairi iwe jiwe," alisema, "kwa sababu njia zile twazijua. Huku mlima ukishusha mawe yake, tairi ngumu itakurusha. Iachie upepo kidogo ilishike jiwe. Na uibonyeze alfajiri, si adhuhuri. Adhuhuri jua linaupandisha upepo, likakudanganya." Nilibonyeza kwa kidole gumba na nikajaribu kuukumbuka ule ulaini kidogo, kama embe linalokaribia kuiva. Mpaka leo tairi yoyote naipima hivyo, na kipimo cha dukani cha mwanangu sikijali.

Alkhamisi nilirudi kutoka kazini mchana nikaikuta baiskeli sebuleni imefunikwa blanketi. Sio shuka, blanketi, lile zito la maua mekundu. Shangazi alisema usiku utakuwa wa baridi na chuma kinashika baridi kuliko mtu. Aliniandalia pia sweta, soksi jozi mbili, kofia ya sufu, chupa ya chai ya kutiwa tangawizi alfajiri, na mkate wa kumimina uliokatwa mapande. Jambo moja hakuniambia. Asubuhi ile, nikiwa kazini, alikuwa ameichukua chupa yake ya mafuta ya nazi na kuipaka cheni yote, tundu kwa tundu, na friwili akaimiminia mpaka ikashiba. Friwili, kwa asiyeijua, ni ile pingili ya meno kwenye gurudumu la nyuma ambayo ukikanyaga pedeli inashika, na ukiacha kukanyaga inaliachia gurudumu lizunguke lenyewe. Ndani yake mna ndimi ndogo za chuma zinazoinuka na kulala. Sasa, hakuna mtu wa Unguja anayeishi Maskati ambaye hajui kwamba mafuta ya nazi huganda siku za baridi. Shangazi mwenyewe kila asubuhi aliiweka chupa juani kabla ya kuchana nywele. Lakini kujua kwamba yanaganda kwenye chupa ni jambo moja, na kukumbuka kwamba friwili nayo inatoka nje alfajiri ni jambo jingine.

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Baiskeli yangu ilikuwa imelala chini ya blanketi, ikatoka ya moto, na ikaupanda mlima wa kwanza bila kinyongo. Sijapata kuwa na furaha kama ile. Mji ulikuwa kimya, upepo ukiingia kwenye mikono ya sweta, Asya nyuma yangu akiimba nyimbo za harusi kwa sababu ndizo pekee alizozijua zote. Pale wadi ilipomwaga changarawe yeye ilibidi ashuke asukume, na tairi zake nyembamba zilikuwa zikikimbia huku na huku. Mimi nilipita nimekaa, kashata zikitafuna mawe chini yangu, na nilimwambia maneno ya kujisifu ambayo siyaandiki hapa. Kisha mteremko. Mteremko mrefu, wote kivulini mwa mlima, hukanyagi hata mara moja, unaachia tu na baridi inakutoa machozi.

Chini ya mteremko nikakanyaga pedeli, nayo ikazunguka bure. Nikakanyaga tena. Miguu yangu ilikuwa ikienda kama ya mtu anayeota anakimbia, na gurudumu halina habari. Baiskeli ikapunguza mwendo, ikasimama, na mimi nikasimama nayo, mbele mlima na nyuma mlima. Cheni ilikuwa mahali pake. Tairi zilikuwa nzuri ajabu, na hilo ndilo lililoniuma, nilivyozichagua kwa makini na sasa zimekaa tu. Tukageuza baiskeli juu chini, tukapiga, tukatikisa. Pikapu iliyobeba mbuzi ikasimama, na mzee mwenye kilemba akatuuliza kwa Kiarabu tunakwenda wapi, akashuka kabla hatujajibu, akaanza kuwasogeza mbuzi watupishe. Alikuwa mtu mwema na alifanya lile ambalo kila Mwomani angelifanya. Nami nilikuwa nikiwaza sauti nyembamba ya yule mgeni wa Alkhamisi. Nilimshukuru, nikamwambia hapana, tumepumzika tu, na nikamwona hakuniamini. Akatuachia chupa mbili za maji, akaondoka, na gari lake lilipopotea kwenye kona nikakaa chini njiani nikalia.

Asya hakuwa mtu wa kumbembeleza mwenziwe. Aliniacha nilie, akachutama karibu na gurudumu, akatia kidole kwenye friwili na kukitoa kina kitu cheupe. Akakinusa. Akaja akanitia kidole kile chini ya pua.

"Nywele zako zinanukia hivi," akasema.

Nilihitaji muda kidogo, kisha nikaliona lote: blanketi, tabasamu la shangazi mlangoni alfajiri ile, na namna alivyonigusa bega akasema itakwenda laini. Kilio changu kikageuka kicheko nikiwa bado na kamasi. Asya alikuwa keshafungua chupa ya chai. Tukaimwaga taratibu juu ya friwili, kikombe baada ya kikombe, ikitoa moshi, ikitiririka nyeupe kisha ya njano, na mimi nikizungusha pedeli kwa mkono mpaka nikasikia ndimi zinaamka, tik, tik, tik, na gurudumu likashika. Chai yote ilikwisha. Tulikula mkate wa kumimina mkavu tukiwa wima, tukaisukuma baiskeli mpaka penye jua ili ibaki na moto, na tukaendelea. Qantab tulikaa muda wa kutia miguu majini tu, na watoto waliotuzunguka walitaka kuijua baiskeli, si sisi.

Kurudi kulikuwa ni kushindana na adhana. Nilipoingia mtaani mwetu, mgongo wote matope kwa ukosefu wa madigadi, mwadhini alikuwa keshaanza. Shangazi alikuwa amesimama chini ya ngazi na shali mbili, na nyuma yake, kwenye ngazi, wageni wake wa Alkhamisi waliokuja kula mchana, hakuna aliyekosa. Mwenye sauti nyembamba akasema nimechelewa. Shangazi hakumgeukia. Aliniuliza mimi safari ilikuwaje, na nilipoutazama uso wake sikuweza kumwambia ukweli. Nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka juu, kwamba baiskeli ilikwenda laini tangu mwanzo hadi mwisho, na kama si mafuta ya shangazi nisingefika Qantab. Asya nyuma yangu alikohoa. Shangazi akatega sikio upande wa msikiti, kisha akasema, "Adhana haijesha bado. Kafika." Akaishika baiskeli kwa usukani akaipandisha ngazi mwenyewe.

Kesho yake niliipeleka kwa siri kwa Ammi Saleh anisafishie friwili kabla haijaniadhiri tena. Aliifungua, akaitazama, akaifunga, akasema haina kitu, safi. Nikadhani chai ya tangawizi ina nguvu kuliko nilivyodhani. Msimu ule wote nilikwenda kila nilikotaka, mara mbili mpaka Quriyat tukilala kwa binamu zangu, na haikuganda tena hata siku moja. Na kila mgeni alipokuja shangazi alieleza habari za mafuta yake, na mimi niliitikia. Niliitikia karibu miaka thelathini. Nilikuwa nikijiona mwema sana.

Wiki iliyopita, tairi mpya zikiwa zimeshafungwa, pana nyuma yenye kashata, pana mbele yenye mistari, nilimleta Asya nyumbani kumwamkia. Shangazi sasa anakaa nasi, macho yamepungua nguvu lakini masikio hayajapungua. Alimpapasa Asya uso, akamuuliza watoto, akamwambia amekonda, na hazikupita dakika tano akaanza kumweleza mkwe wangu jinsi mafuta yake ya nazi yalivyonifikisha Qantab. Asya alinitazama. Ameishi Uingereza miaka yote hiyo na bado hajui kuzuia mdomo wake. Akasema, "Bi Zuwena, leo nna jambo la kukwambia kuhusu mafuta yale."

"Nyamaza, mwanangu," shangazi akamwambia. "Yaliganda. Mimi nnajua tangu siku ile. Chupa ya chai ilirudi tupu, na cheni ya baskeli ikinukia tangawizi. N'kaiosha friwili kwa mafuta ya taa huyu alipolala mchana, n'katia mafuta ya cherehani, n'kampelekea habari Saleh asiseme. Kila wiki nikitia mafuta ya cherehani, mpaka msimu ukesha."

Nilimuuliza mbona hakunambia miaka yote hii, na mbona aliniachia baiskeli siku ile ilhali adhana ilishatoka.

Alinyoosha mkono akautafuta wangu. "Nilikuwa nimeshaamua kuipeleka Quriyat," alisema. "Nilikuwa naogopa. Kisha ukasimama pale na matope yako, ukanisifu mbele yao wote, na mimi nlikuona macho yamekuvimba kwa kulia. N'kasema mtoto aliyefikwa na hayo njiani, akarudi na magurudumu yake, na bado anamstahi mtu, huyu mwache aende anakotaka."

Asya ndiye aliyelia, na leso niliyoiandaa tangu simu ya uwanja wa ndege ikapata mwenyewe. Mimi nilikwenda kuibonyeza tairi ya nyuma kwa kidole gumba, ingawa ilikuwa jioni na Ammi Saleh, Mungu amrehemu, asingekubali. Ilikuwa sawa. Shangazi akaniita kutoka kitini, akauliza ni kweli tunakwenda Qantab Ijumaa na magoti yetu haya. Nikamwambia ni kweli.

"Haya," akasema. "Safari hii chai chukueni chupa mbili."